Basotu: Ziwa, Uwanda na Kijiji

Basotu ni kijiji kilicho kando ya ziwa lenye jina hilo hilo, katika wilaya ya Hanang, mkoa wa Manyara. Katika ramani ya ukutani itumikayo madarasani, ziwa hilo likionyeshwa basi ni nukta tu, nayo hupotea kabisa mbele ya Eyasi na Manyara. Hata hivyo ni shida kupata mahali pengine nchini ambapo elimu ya miamba, elimu ya malisho, historia ya makabila na sheria ya ardhi zimekutana katika eneo dogo kiasi hicho. Mwalimu wa jiografia mwenye wanafunzi wa miguu imara angeweza kufundisha sehemu kubwa ya muhtasari wake hapo bila ya kufungua kitabu.

Mtu atokaye Daudi, karibu na mji wa Mbulu, huanza safari katika nchi ya vilima: mashamba madogo yaliyobanana, mahindi na maharage, ng'ombe wachache wafugwao karibu na nyumba, na samadi ibebwayo kupelekwa shambani. Akipita Dongobesh na Haydom, kisha akishika njia ya kusini, nchi hulegea. Vilima hupungua, nyumba huachana, upepo huongezeka, na mbele yake hufunguka uwanda mpana ulio katika kimo cha takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Upande wa mashariki husimama Mlima Hanang, wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400. Mvua ya uwanda huo ni takriban milimita 600 kwa mwaka, nayo haina uaminifu: mwaka mmoja hutosha na kubaki, mwaka wa pili huwaacha watu wakitazama mbingu. Ziwa lenyewe limekaa chini, ndani ya mashimo, na ukingo wake umeinuka kuzunguka maji kama mdomo wa chungu.

Ziwa lilivyozaliwa

Maziwa ya dunia hayakuzaliwa kwa njia moja. Kaskazini mwa Poland, katika nchi ya Mazury, yako maziwa yapatayo 2,000, na karibu yote ni kazi ya barafu. Katika zama za barafu, matandiko makubwa ya theluji iliyogandamana yalisogea polepole kutoka kaskazini yakichimba ardhi na kusukuma mawe na udongo mbele yake. Yalipoyeyuka yaliacha mabonde yaliyojaa maji na vilima vya kifusi. Kijiji cha huko kilicho kando ya ziwa kinakalia kifusi cha barafu. Ziwa Tanganyika, kwa upande wake, ni zao la kudidimia kwa ardhi: gome la dunia lilipasuka, kipande cha katikati kikashuka, na maji yakaingia. Basotu si la namna ya kwanza wala ya pili. Limezaliwa kwa mlipuko.

Chini ya uwanda wa Basotu uko mwamba wa kale sana wa itale, ambao ni sehemu ya kiini kigumu cha katikati ya Tanzania. Lakini mahali hapa pako karibu na Bonde la Ufa, na katika nyufa za bonde hilo miamba iliyoyeyuka, yaani magma, imekuwa ikipanda kutoka chini kwa mamilioni ya miaka. Mlima Hanang ni volkeno iliyojengwa na kupanda huko. Mahali magma ilipopanda taratibu na kumwagika mara kwa mara, mlima ulijengeka. Mahali ilipokutana na maji yaliyomo ardhini, mambo yalikuwa tofauti. Maji yakigusana ghafula na kitu chenye joto la mamia ya digrii hugeuka mvuke mara moja, na mvuke huhitaji nafasi kubwa mno kuliko maji yaliyouzaa. Ukikosa nafasi hujitafutia. Mwamba wa juu hupasuka na kurushwa hewani vipande vipande, kisha vipande hivyo huanguka kulizunguka shimo na kufanya ukingo wa duara. Mlipuko hurudiwa mara nyingi, pengine kwa siku au majuma, mpaka maji au magma iishe.

Shimo la namna hiyo wanajiolojia huliita maar, neno lililotokana na lugha ya watu wa nchi ya Eifel huko Ujerumani, ambako mashimo kama hayo yalichunguzwa mapema. Afrika Mashariki ina mengi. Ziwa Duluti karibu na Arusha ni mojawapo. Magharibi mwa Uganda, katika nchi ya Katwe, yako makumi. Mashimo ya Basotu yalielezwa kwa kirefu mwaka 1962 na wanajiolojia C. Downie na P. Wilkinson. Mwanafunzi anayetaka kuthibitisha jinsi yalivyotokea hahitaji maabara. Achukue konzi ya udongo wa ukingo na kutafuta ndani yake vipande vya itale vyenye ncha kali. Itale hiyo haikuletwa na mto, kwa maana mto humviringisha mawe na kuyalainisha. Wala haikutokana na lava, maana lava ikipoa hutoa mwamba wa namna nyingine. Ni mwamba wa chini uliovunjwa na kutupwa juu.

Ziwa Basotu halina umbo la duara kamili, kwa kuwa maji yake yamejaza mashimo yaliyopakana na kuungana. Ndiyo sababu ufuko wake una ghuba na rasi ambazo mtu hategemei kuziona katika ziwa dogo la volkeno.

Kwa nini maji yake si ya chumvi

Jambo la pili la kustaajabisha ni ladha ya maji. Chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, kaskazini mwa Mlima Hanang, liko Ziwa Balangida. Hilo ni ziwa la chumvi. Wakati wa kiangazi maji yake hunywea na kuacha ukoko mweupe, na chumvi yake imekuwa ikichotwa na kuuzwa kwa vizazi vingi. Katwe ya Uganda nayo ni ziwa lililo ndani ya shimo la mlipuko, sawasawa na Basotu, na ni mashuhuri kwa chumvi tangu kale. Basotu, lililo jirani ya Balangida na ndugu ya Katwe kwa kuzaliwa, lina maji baridi. Ng'ombe huyanywa, viboko huishi humo, na wavuvi hupata perege na kambale.

Sababu yake ni ya hesabu rahisi. Kila tone la mvua lipitalo juu ya mawe na udongo huyeyusha chumvi kidogo na kuibeba mpaka ziwani. Maji yakitoka ziwani kwa njia ya kufukizwa na jua, hutoka peke yake, chumvi hubaki. Ziwa lisilo na njia nyingine ya kupoteza maji, kwa hiyo, huzidi kuwa na chumvi mwaka hadi mwaka, kama sufuria iachwayo motoni na kuongezwa maji kila yapunguapo. Ili ziwa libaki na maji baridi ni lazima liwe na mlango wa kutokea maji pamoja na chumvi yake. Mlango huo ukiwa mto, kila mtu huuona. Basotu halina mto mkubwa utokao. Basi mlango wake uko chini: maji hupenya katika kifusi na nyufa za mwamba na kwenda zake polepole ardhini. Ziwa hilo, kwa maneno mengine, linavuja, na kuvuja huko ndiko kunakolifanya linyweke.

Kwa mfugaji wa uwanda huu wenye mvua isiyoaminika, tofauti kati ya maji ya Balangida na maji ya Basotu ndiyo tofauti kati ya kulamba na kunywa. Mifugo huhitaji vyote viwili, na nchi imeviweka mahali pawili tofauti. Hapo ndipo historia ya watu wa Basotu inapoanzia.

Wenyeji na majirani zao

Nchi iliyo kati ya Ziwa Eyasi, Mbulu, Hanang na Kondoa ina sifa ambayo wataalamu wa lugha huitaja kila wazungumziapo Afrika. Lugha za asili za bara hili hugawanywa kwa desturi katika jamii nne kubwa, na hapa zote nne zimekuwa zikisikika ndani ya mwendo wa siku chache kwa miguu. Wairaqw, ambao katika Kiswahili wameitwa Wambulu, husema lugha ya Kikushi, jamaa ya mbali ya Kisomali. Wadatoga husema lugha ya Kiniloti iliyo karibu na Kikalenjin cha Kenya. Wanyiramba, Waihanzu na Wanyaturu ni Wabantu. Wahadza wa bonde la Yaeda na Wasandawe wa Kondoa husema lugha zenye sauti za kidoko, ambazo zamani ziliwekwa katika fungu moja na lugha za kusini mwa Afrika, ingawa wataalamu wa leo huona kwamba Kihadza hakina ndugu anayejulikana.

Wabarabaig ndio tawi la Wadatoga lililoenea zaidi katika nchi ya Hanang. Masimulizi yao na ya majirani yao yanakubaliana kwamba Wadatoga waliwahi kukaa katika kreta ya Ngorongoro na nyanda za kando yake, mpaka Wamaasai walipowasukuma kusini katika karne ya 19. Jina la Mang'ati, ambalo watu wengi wa pwani na bara wamelitumia kwa Wadatoga bila kufikiri, limetokana na neno la Kimaasai lenye maana ya adui. Kwa hiyo kumwita mtu Mmang'ati ni kurudia tusi la vita iliyokwisha zamani, na vitabu vya shule vingefanya vema kuliacha.

Katika karne ya 20 Wairaqw nao, ambao chimbuko lao linalokumbukwa ni nchi ya Irqwa Da'aw katika vilima vya Mbulu, waliongezeka na kuenea: wengine kaskazini kuelekea Karatu, wengine kusini na magharibi kuelekea Dongobesh, Haydom na Hanang. Walikuja na jembe lao, samadi yao na mazoea ya kulima palepale mwaka hadi mwaka. Hivyo Basotu pakawa mahali ambapo mfugaji anayehama na mkulima asiyehama walikutana kwenye maji mamoja. Ugomvi ulikuwapo, na ndoa pia.

Uwanda uliodhaniwa kuwa mtupu

Ili kuelewa yaliyotokea baadaye yafaa kueleza kwa utulivu namna Wabarabaig walivyoitumia nchi. Mtaalamu wa Kimarekani, George Klima, aliyeishi kati yao katika miaka ya 1950, aliandika kitabu juu yao kilichotoka mwaka 1970. Baada yake Charles Lane alichunguza malisho yao katika miaka ya 1980. Maelezo yao yanaonyesha kwamba Wabarabaig hawakuiona nchi yao kuwa pori moja. Waliigawa kwa namna za malisho, kila namna na jina lake: malisho ya mlimani, ya kingo za maziwa yenye chumvi, ya vichakani, ya mteremko wa Bonde la Ufa, na kadhalika. Yaliyothaminiwa kuliko yote ni yale waliyoyaita muhajega, yaani nyasi za uwanda wenye udongo mzito na rutuba. Uwanda wa Basotu ulikuwa muhajega.

Malisho hayo yalikuwa na wakati wake. Mvua inyeshapo nyasi za muhajega huota haraka, huwa tamu, na ng'ombe akizila hunenepa na kutoa maziwa mengi. Madimbwi ya mvua humnywesha palepale alishapo. Mvua ikikatika madimbwi hukauka, na mfugaji huhama: huenda kwenye maji ya kudumu, na nyasi ngumu za mahali pengine humvusha mpaka msimu mwingine. Nyuma yake uwanda hubaki bila mtu. Nyasi hukomaa, hutoa mbegu, mizizi hupumzika. Kutokuwapo kwa ng'ombe katika miezi hiyo kulikuwa sehemu ya kazi, kama vile kulaza shamba ni sehemu ya kilimo.

Wala haikuwa huria. Baraza liitwalo getabaraku lilikuwa na uwezo wa kuamua ni wakati gani malisho fulani yafunguliwe, na kumtoza faini aliyekaidi. Kisima kilikuwa na wenyewe, ukoo wa yule aliyekichimba. Wanawake walikuwa na baraza lao lenye meno: mwanamume aliyevunja haki ya mwanamke aliweza kuhukumiwa nalo na kutozwa ng'ombe, na wanaume hawakuwa na njia ya kulipuuza.

Juu ya uwanda huo huo yalisimama pia makaburi. Mzee aliyeheshimiwa sana anapofariki, Wabarabaig humfanyia mazishi makubwa yaitwayo bung'eda. Kaburi hujengwa kwa udongo na miti, nalo huinuliwa kidogo kidogo katika muda wa miezi, hata kimo chake kikapita kichwa cha mtu. Watoto na wajukuu hurudi hapo kusali na kutambika. Mwenye kusoma ardhi kwa jicho la Kibarabaig, kila kaburi ni waraka: lasema ukoo fulani ulikuwapo hapa, na wangali wapo.

Afisa aliyefika kwa gari mwezi wa Septemba hakuviona vitu hivyo. Aliona nyasi zilizokauka mpaka upeo wa macho, bila nyumba, bila ua, bila shamba. Mwaka 1968 mwanabiolojia wa Marekani, Garrett Hardin, alichapisha katika jarida la Science makala iliyosomwa dunia nzima, akidai kwamba malisho yaliyo ya wote hayana budi kuharibiwa, kwa kuwa kila mfugaji hupata faida ya kuongeza ng'ombe mmoja, ilhali hasara hugawanywa kwa wote. Hoja hiyo ina kasoro moja kubwa: huchukulia kwamba mali ya jumuiya haina mlinzi. Elinor Ostrom, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Uchumi mwaka 2009, alionyesha kwa mifano mingi kutoka mabara mbalimbali kwamba jumuiya ziwezazo kutunga kanuni zao na kuzisimamia hudumisha malisho, misitu na maji kwa karne nyingi. Lakini katika miaka ya 1970 wazo la Hardin ndilo lililotawala maofisini, na uwanda wa Basotu ulikuwa unangoja kupimwa.

Ngano

Haja ya ngano haikuwa uzushi. Miji ya Tanzania ilikuwa inakua, mkate ulikuwa umekwisha kuwa chakula cha kawaida cha asubuhi, na ngano ya kigeni ililipiwa kwa fedha za kigeni zilizokuwa haba. Ngano hupenda ubaridi, na nchini mwetu ubaridi hupatikana katika nyanda za juu tu. Basotu ilikuwa na kimo kifaacho, udongo mzito wenye rutuba, na uwanda usio na mawe wala visiki. Serikali ilipata msaada wa Kanada, nchi ambayo nyanda zake za Saskatchewan na Manitoba hulima ngano kwa mashine kubwa. Utafiti wa mbegu ulifanywa Selian, karibu na Arusha, na mashamba yakawekwa chini ya Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1970 mashamba yalifunguliwa moja baada ya jingine mpaka yakafika saba: Basotu, Setchet, Mulbadaw, Murjanda, Gawal, Gidagamowd na Warret, kila moja likiwa na takriban eka 10,000.

Kwa upande wa mavuno mradi huo haukuwa wa bure. Kombaini zilivuna, magari yakashusha magunia Arusha, na sehemu kubwa ya ngano iliyolimwa nchini katika miaka ya 1980 ilitoka Hanang. Vijana walijifunza ufundi wa mashine. Anayeandika historia ya Basotu bila kutaja hayo hasemi kweli yote.

Lakini eka 70,000 hazikuwa sehemu yoyote tu ya nchi. Zilikuwa muhajega, malisho ya mvua, yaani kile kipande kilichovishikilia vipande vingine vyote. Mtu akiondoa gurudumu moja katika gari la magurudumu manne hajaondoa robo ya mwendo. Ng'ombe ambao zamani walikwenda uwandani wakati wa masika walilazimika kubaki mwaka mzima katika malisho ya kiangazi, nayo hayakupata tena muda wa kupumzika. Nyasi zikapungua, ng'ombe wakakonda. Na waliotazama kwa mbali wakasema kwamba hayo ndiyo matokeo ya ufugaji wa kuhamahama. Njia za kwenda kwenye maji na kwenye chumvi zilikatwa na mashamba, na aliyepita katikati aliweza kushitakiwa kwa kuingia mali ya shirika. Makaburi kadhaa yalilimwa pamoja na nyasi.

Mbele ya mahakama

Wenyeji walikwenda mahakamani. Halmashauri ya Kijiji cha Mulbadaw pamoja na watu wengine 67 waliishitaki NAFCO katika Mahakama Kuu, Arusha, kwa kesi iliyofunguliwa mwaka 1981, wakidai kwamba shirika lilichukua ardhi yao na kuharibu mazao na makazi yao bila utaratibu wa sheria. Mahakama Kuu iliwapa ushindi. NAFCO ikakata rufani, na hukumu ya Mahakama ya Rufani iliyotolewa mwaka 1985 iliupindua.

Sababu za hukumu hiyo zastahili kusomwa na kila mwanafunzi wa uraia. Mahakama ilisema kwamba kijiji kuandikishwa kuwa kijiji hakuna maana kwamba ardhi iliyo ndani ya mipaka yake ya utawala ni mali yake. Ni lazima ionekane kwamba kiligawiwa ardhi hiyo na mamlaka inayohusika. Na kwa wanakijiji mmoja mmoja, ilisema kwamba hawakuthibitisha kuwa wao ni wenyeji kwa maana ya sheria ya ardhi iliyorithiwa kutoka enzi ya Waingereza, na kwa hiyo hawakuthibitisha haki yao ya kimila. Watu ambao makaburi ya babu zao yalisimama shambani walishindwa kwa kuwa hakuna aliyeleta ushahidi wa uenyeji wao.

Kesi za Hanang hazikupotea bure. Zilikuwa miongoni mwa mambo yaliyoonyesha kwamba sheria ya ardhi ilikuwa na tundu pale palipopaswa kuwa na haki ya kimila. Tume ya Rais kuhusu masuala ya ardhi, chini ya uenyekiti wa Profesa Issa Shivji, ilizunguka nchi nzima mwaka 1991 na 1992 kusikiliza malalamiko. Mwaka 1999 Bunge lilitunga Sheria ya Ardhi, namba 4, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5, zilizoanza kutumika mwaka 2001. Sheria ya pili huipa Halmashauri ya Kijiji mamlaka ya kusimamia ardhi ya kijiji, na huihesabu haki ya kimila kuwa na nguvu sawa na hati itolewayo na serikali. Imo pia nafasi ya malisho ya pamoja, na hata ya makubaliano kati ya vijiji viwili vinavyotumia ardhi moja. Ni kweli kwamba sheria huandikwa kwa kalamu na mipaka hupimwa kwa miguu, na kazi ya miguu bado ni nyingi.

Msaada wa Kanada ulikoma mwanzoni mwa miaka ya 1990, na bila vipuri na mafuta ya uhakika mashamba yakadhoofika. Serikali ilipoyauza mashirika ya umma, sehemu ya mashamba ilirudi mikononi mwa wananchi na sehemu ikapita kwa wawekezaji. Yaliyorudi hayakurudi kama yalivyoondoka. Nyasi za muhajega zilikuwa kazi ya karne nyingi, na shamba lililoachwa huota kwanza magugu.

Tope

Limebaki suala la ziwa. Udongo mzito wa Basotu una tabia moja: ukikauka hupasuka nyufa, ukilowa huvimba na kuziba, na baada ya hapo maji ya mvua hayapenyi tena bali hutiririka. Nyasi zikiwapo, mizizi yake hushika udongo na majani yake huvunja nguvu ya matone. Shamba la ngano, kwa upande mwingine, huwa tupu kwa miezi mingi, baada ya mavuno mpaka miche mipya ifunike ardhi. Mvua ya kwanza ya msimu, ambayo aghalabu ndiyo kali kuliko zote, huikuta ardhi ikiwa uchi na imevurugwa na plau. Mistari mirefu ya kulimia, iliyofaa nyanda za Kanada ambako mvua nyingi ni ya rasharasha, hapa iligeuka mifereji. Mifereji ikawa makorongo. Korongo haliendi popote isipokuwa chini, na mahali pa chini katika uwanda wa Basotu ni ziwa.

Ziwa lililo ndani ya shimo la mlipuko halina namna ya kutoa tope. Mto utokao ungeweza kubeba sehemu yake; mwamba uvujao hupitisha maji na chumvi iliyoyeyuka, lakini chembe za udongo huzichuja na kuziacha. Kila debe la udongo liingialo hubaki humo na kupunguza kina. Zaidi ya hapo, tope laini likitanda sakafuni laweza kuziba zile nyufa zinazovuja, na ziwa lisilovuja, kama ilivyoelezwa, huanza safari ya kuwa Balangida. Safari hiyo si ya mwaka mmoja wala kumi.

Shule zilizo karibu zaweza kuifuatilia kwa vifaa duni kabisa. Chupa safi ya lita moja ijazwe maji ya ziwa mahali pale pale kila mwezi, iachwe itulie kwa siku mbili, na kimo cha tope lililokaa chini kipimwe kwa rula na kuandikwa daftarini pamoja na mvua ya mwezi huo. Kamba yenye jiwe na mafundo kila nusu mita yatosha kupima kina, ikishushwa kutoka mtumbwini penye alama iliyokubaliwa. Katika sakafu ya ziwa, tabaka kwa tabaka, umelala udongo wa zamani za malisho, juu yake udongo wa miaka ya plau, na juu kabisa udongo wa masika yaliyopita.